Deki Inakataa Diski Ulizochoma? Anza Hapa Kabla ya Kushika Bisibisi

Swali hili naulizwa tena na tena, karibu kwa maneno yale yale: "Deki yangu inapiga CD za kiwandani bila shida, lakini nikiweka niliyochoma mwenyewe inazunguka wee, mwisho inaandika NO DISC. Lenzi imekufa?" Wengine huuliza wakiwa wameshaifungua deki na skrubu ziko kwenye kisahani. Hapo roho huniuma, kwa sababu mara nyingi lenzi haikuwa na kosa lolote.

Mama mmoja aliniletea deki ya DVD ambayo mwanawe alikuwa ameisugua lenzi kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Lenzi ya deki ni kipande kidogo cha plastiki kisichofika ukubwa wa punje ya njegere, na asetoni iliyomo kwenye dawa ile ilikuwa imeitia ukungu mweupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Haikuokoka. Diski iliyoleta yote hayo ilikuwa ya harusi ya binti yake. Video zilikuwa nzima kabisa, ila zilinakiliwa kwenye DVD kama mtu anavyonakili vitu kwenye flashi, na deki ile haikutengenezwa kusoma diski ya namna hiyo. Kuichoma upya tu kungetosha.

Kwa hiyo washukiwa wako ni watatu: diski yenyewe, vilivyomo ndani yake, na deki. Hatua zilizo hapa chini zinawachunguza kwa mpangilio huo. Tafadhali usiruke hatua, maana mwanzoni tunapima vile ambavyo kuvipima hakuharibu kitu.

Vitu vya kuwa navyo

- Diski inayogoma.
- CD moja na DVD moja za kiwandani ambazo una uhakika ni nzima. Zinahitajika zote mbili, kwa sababu deki ya DVD husoma CD kwa leza moja na DVD kwa leza nyingine, na moja inaweza kufa huku nyingine ikiwa hai.
- Kompyuta yenye draivu inayochoma DVD. Ukiweza kuazima ya pili, azima.
- Diski tupu: CD-R mbili na DVD-R mbili. Zile zenye RW, yaani zinazofutika na kuandikwa upya, ziache kando kwa sasa.
- Programu ya kuchomea. Kwenye Windows mimi hutumia ImgBurn, ambayo ni ya bure. Kwenye Linux kuna K3b na Brasero.
- Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kama kile cha kufutia miwani.
- Taa yenye mwanga mkali.
- Kijitabu cha deki. Kama kimepotea, soma nembo zilizochapwa mbele ya deki.

Bisibisi haimo kwenye orodha, na sikuisahau.

Kwa nini diski ya kuchoma ni tofauti

Diski ya kiwandani imegongwa vishimo vidogo sana kwenye plastiki. Diski ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka la rangi maalumu ambayo leza ya kompyuta huiunguza mahali na kuiacha mahali. Deki husoma zote mbili kwa kutazama mwanga unaorudi. CD ya kiwandani hurudisha takriban asilimia 70 ya mwanga, na CD-R nzuri huikaribia, lakini CD-RW hurudisha kati ya asilimia 15 na 25 hivi. Ndiyo sababu deki yenye leza iliyochoka husoma za kiwandani vizuri huku ikishindwa na za kuchoma. Basi usitumie ile hoja ya "mbona za kiwandani inasoma" kama ushahidi kwamba deki ni nzima, wala usiitumie kama ushahidi kwamba ni mbovu. Bado hatujajua.

Hatua kwa hatua

1. Sikiliza, kisha soma maandishi

Zima televisheni au punguza sauti, chumba kiwe kimya. Weka diski ya kiwandani kwanza, usogeze sikio karibu na deki. Utasikia trei ikiingia, kisha diski ikianza kuzunguka na kushika kasi, kisha mlio mdogo wa lenzi ikijipanga, halafu inatulia na menyu inatokea. Hiyo ndiyo sauti ya deki iliyoridhika. Ikariri.

Sasa weka diski iliyochomwa. Ikizunguka kidogo, ikasita, ikatoa tik-tik-tik, ikajaribu tena kisha ikasimama na kuandika NO DISC, maana yake deki haikuona kitu kwenye trei. Mwanga haukurudi wa kutosha. Shuku aina ya diski, uchafu, uchomaji dhaifu, diski ambayo haikufungwa (hatua ya 5), au leza.

Lakini ikizunguka vizuri kama ile ya kiwandani, halafu ikaandika UNKNOWN DISC au CANNOT PLAY, au ikakuonyesha folda zisizo na kitu, hapo mambo ni tofauti kabisa. Deki imeisoma diski, ila haikuelewa kilichomo. Lenzi yako iache kabisa, nenda zako hatua ya 5 na ya 6. Maneno hutofautiana kati ya deki na deki, lakini tofauti hii ya "sioni" na "sielewi" ipo karibu kwenye zote, na ukiijua umeshafanya nusu ya kazi.

2. Soma aina ya diski

Geuza diski utazame upande wa juu. Imeandikwa CD-R, CD-RW, DVD-R, DVD+R, DVD-RW, DVD+RW, au kuna DL (tabaka mbili za data) mwishoni? Linganisha na nembo za deki na kijitabu chake.

Deki ya CD haitasoma DVD hata uiombe vipi, na deki ya DVD haitasoma Blu-ray. Naandika hivi kwa sababu diski zote hizi zina upana wa sentimita 12 na zinaingia kwenye trei moja bila kulalamika, na watu huchanganya. Leza ya CD ina urefu wa wimbi wa nanomita 780, ya DVD 650, ya Blu-ray 405. Kama leza inayotakiwa haimo ndani ya deki, hakuna usafi utakaosaidia. Kwa sababu hiyo hiyo, baadhi ya deki za DVD za mwanzo kabisa, zilizokuwa na leza moja tu ya 650, husoma CD za kiwandani lakini CD-R haziioni.

Alama ya kutoa na ya kujumlisha pia ina maana. DVD-R ilianza mwaka 1997 na DVD+R ikaja 2002 kutoka kundi jingine la makampuni, kwa hiyo deki za zamani ziliijua ya kwanza tu. Ukiwa hujui deki inapenda nini, chagua DVD-R. Zenye RW na zenye DL hurudisha mwanga mchache, na deki iliyozeeka huzikataa kwanza.

3. Itazame kwenye mwanga

Shika diski kwa ukingo na kidole cha kati kwenye tundu, uinamishe upande wa chini chini ya taa. Diski iliyochomwa huonyesha mpaka: sehemu ya ndani, kuanzia karibu na tundu, imebadilika rangi kidogo na kuwa nyeusi zaidi, kisha kuna mstari wa duara, na nje yake rangi ni ile ya diski tupu. Sehemu iliyobadilika ndiyo yenye data. Kama huoni mpaka wowote, na diski haikujaa hadi ukingoni, huenda haikuchomwa kabisa. Nimeona zaidi ya mara moja mtu akihangaika na deki kumbe mkononi ana diski tupu.

Tazama mikwaruzo. Uliokatiza kutoka tundu kwenda ukingoni si hatari sana, kwa sababu deki huupita haraka na hujaza pengo yenyewe. Unaofuata mzunguko wa diski ndio mbaya, kwani unaharibu data nyingi zilizofuatana. Mkwaruzo karibu na tundu ni mbaya kuliko wa ukingoni, maana deki huanza kusoma kutoka ndani, na hapo ndipo ilipo orodha ya vilivyomo.

Kwa CD kuna jambo ambalo wengi hawalijui: data ziko karibu kabisa na upande wa juu, chini ya varnishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa juu unaua CD kuliko wa chini. Inua CD kwenye taa. Ukiona nukta za mwanga zinapenya pale palipochubuka, data za pale zimekwenda na hakuna dawa. DVD ina data katikati, kati ya plastiki mbili, kwa hiyo upande wake wa juu unavumilia zaidi.

Kama kuna vumbi au alama za vidole, futa kwa kitambaa ukienda moja kwa moja kutoka tundu hadi ukingoni. Usifute kwa kuzungusha. Chembe moja ya mchanga iliyonaswa kwenye kitambaa itachora ule ule mkwaruzo wa duara tunaouogopa. Uchafu sugu uondoe kwa maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha kausha kwa kugusagusa.

4. Iweke kwenye kompyuta, unakili kila kitu

Usiishie kuona kwamba diski imefunguka. Kufunguka kunathibitisha orodha tu. Kama ina mafaili, unda folda mpya, nakili vitu vyote kutoka kwenye diski, na usubiri hadi mwisho. Kama ni CD ya nyimbo, zile utakazoziona kwenye orodha ni alama tu, basi tumia programu ya kucheza muziki kuzihamishia kwenye kompyuta. Ikifika mwisho bila kosa, data ni nzima. Ikikwama katikati, au draivu ikaanza kunguruma na kupunguza kasi, uchomaji ulikuwa mbaya au diski inaharibika.

Fanya jaribio hili kwenye draivu tofauti na ile iliyoichoma kama unaweza. Draivu mara nyingi husoma vizuri kazi ya mikono yake yenyewe, hata pale ambapo wengine wanashindwa.

Nakala uliyoipata usiifute. Tutaihitaji hatua ya 7.

5. Uliza: diski ilifungwa?

Hapa ndipo wanapoanguka wengi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ukiweka diski tupu kwenye Windows, dirisha hutokea likiuliza unataka kuitumiaje, na kuna chaguo mbili. Moja inasema kama flashi, nyingine inasema kwa kicheza CD au DVD. Ile ya kwanza ndiyo hutangulia, inaonekana rahisi, na mtu huibofya bila kufikiri. Kuanzia hapo unaburuta mafaili kama kwenye flashi, na kwenye kompyuta yako yanaonekana vizuri. Tatizo ni kwamba mpangilio huo wa kuandika ni wa kompyuta na kompyuta. Deki nyingi za sebuleni na redio za gari haziuelewi hata kidogo.

Chagua ya pili. Kama umekwisha kuchoma kwa ya kwanza na diski ni ya R (isiyofutika), huwezi kurudi nyuma. Nakili mafaili, chukua diski nyingine.

Kisha kuna kufunga. Programu ya kuchomea huweza kuiacha diski wazi ili uongeze vitu siku nyingine, ikaandika sesheni moja leo na nyingine kesho. Deki hutafuta alama ya mwisho iliyoandikwa wakati wa kufunga. Ikiikosa, husema hakuna diski, au husoma sesheni ya kwanza tu na kuziacha nyingine. Kwenye programu tafuta neno Finalize au Close disc, uliweke alama kabla ya kuanza. DVD iliyorekodiwa na mashine ya kurekodia televisheni au kamera ifungwe kwenye mashine hiyo hiyo iliyoirekodi, kupitia menyu yake. Kuifungia kwingine mara nyingi hakukubali.

6. Uliza: ndani kuna nini hasa?

CD ya nyimbo na CD yenye mafaili ya MP3 ni vitu viwili tofauti, ingawa zote zinatoa muziki. CD ya nyimbo hufuata kanuni ile ile ya CD za kiwandani: sauti isiyobanwa, kilohezi 44.1, biti 16, na hubeba dakika 80 tu na nyimbo zisizozidi 99. CD ya MP3 ni diski ya data, na kwa MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde hubeba takriban saa 12. Deki yoyote ya CD inaijua ya kwanza. Ya pili inajulikana na deki zenye nembo ya MP3 tu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nimechoma nyimbo 150 kwenye CD moja, redio haisomi," jibu limeshajitokeza lenyewe. Nyimbo 150 haziingii kwenye CD ya nyimbo, basi amechoma data, na redio yake haijui MP3. Kwenye programu chagua Audio CD, ugawe nyimbo kwenye diski kadhaa.

Kama deki inajua MP3 na bado inaruka baadhi ya nyimbo, tazama mafaili yale yanayorukwa. Mara nyingi ni WMA, M4A au FLAC yaliyochanganyika na MP3, au ni MP3 ambazo kiwango chake cha kilobiti hupanda na kushuka. Yabadilishe yote yawe MP3 ya kiwango kisichobadilika, 128 au 192. Majina yawe mafupi, ya herufi na tarakimu tu, na folda zisiingie ndani ya folda nyingine mara tatu nne.

Kwa video ni vivyo hivyo. DVD halisi ya video ina folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili yanayoishia na IFO, BUP na VOB. Picha yake ni ya MPEG-2. Ukifungua diski yako kwenye kompyuta na kukuta faili moja la MP4 au MKV, hiyo si DVD ya video hata kama imechomwa kwenye DVD. Ni data. Deki yenye nembo ya DivX inaweza kucheza AVI za aina hiyo. MP4 za simu za kisasa deki nyingi za DVD hazizijui.

Kubadilisha jina la faili kutoka MP4 kuwa VOB hakusaidii, nakuomba usipoteze diski kujaribu. Lazima video igeuzwe. DVDStyler ni ya bure na hufanya kazi yote: unaingiza video, inazigeuza kuwa MPEG-2, inaunda menyu na VIDEO_TS, kisha inachoma au inakupa faili la ISO, yaani faili moja lenye diski nzima, la kuchoma baadaye. Kugeuza huchukua muda mrefu, kwa kompyuta ya kawaida pengine zaidi ya urefu wa video yenyewe, basi iache ifanye kazi. DVD moja ya GB 4.7 hubeba takriban saa 2 kwa ubora mzuri. Ukibana saa 5 mle, picha itakuwa vipande vipande.

7. Choma upya, kwa makini

Sasa chukua ile nakala ya hatua ya 4, au video iliyogeuzwa, na diski tupu ya R.

a) Funga programu nyingine zote. Kama ni kompyuta mpakato, ichomeke kwenye umeme.

b) Usiijaze diski hadi ukingoni. DVD ya GB 4.7 huonekana kwenye Windows kama GB 4.38, kwa sababu ya namna kompyuta inavyohesabu. Ishia karibu 4.2. Ukingo wa nje ndio dhaifu zaidi kwenye diski ya kuchoma, na ndio hukwama kwanza.

c) Chagua kasi ya wastani: DVD kwa 4x au 8x, CD kwa 16x hivi. Utasikia watu wakisema choma kwa 1x ndiyo bora. Diski za siku hizi zimetengenezwa kwa kasi kubwa zaidi, na kasi ya chini kabisa wakati mwingine hutoa kazi mbaya kuliko ya kati.

d) Choma yote kwa mkupuo mmoja, na diski ifungwe mwishoni.

e) Washa uhakiki. ImgBurn ina kisanduku cha Verify: baada ya kuchoma, draivu hurudi mwanzo na kulinganisha kila kitu na cha awali. Muda unaongezeka. Usiuonee uchungu muda huo.

f) Kama una DVD+R tu na deki ni ya zamani, draivu nyingi zinaweza kuiandika DVD+R ijitambulishe kama DVD-ROM, yaani diski ya kiwandani. ImgBurn ina sehemu ya kuweka hivyo kama draivu yako inakubali. Deki iliyokuwa ikiikataa DVD+R kwa sababu ya jina tu itaipokea. Kwa DVD-R ujanja huu haupo.

Tahadhari: usibandike lebo ya karatasi juu ya diski. Ikikaa upande kidogo, diski hupoteza mizani na kutetemeka inapozunguka kwa kasi. Kwenye redio ya gari, joto huifanya ibanduke, na diski isitoke tena. Andika kwa kalamu laini ya wino iliyotengenezwa kwa ajili ya diski. Kalamu ya bolpeni ina ncha ngumu, na kwenye CD inaichuna ile varnishi nyembamba niliyoitaja.

8. Jaribu kwenye deki mbili

Weka diski mpya kwenye deki yako, kisha kwenye deki ya mtu mwingine. Ikisoma kote, umemaliza, na deki yako haikuwa na neno. Ikikataa kote, rudi hatua ya 5 na ya 6, kuna kitu umekipita. Ikisoma kwingine na kukataa kwako, choma nyingine kwenye diski ya chapa tofauti kabla ya kuihukumu deki. Rangi zinazotumika hutofautiana kati ya watengenezaji, na deki nyingine huwa na upendeleo wake usio na maelezo.

9. Sasa, lenzi

Umefika hapa kwa haki: diski nzuri, iliyofungwa, iliyohakikiwa, ya aina inayokubalika, inasomwa kwingine na kwako inakataliwa. Au basi hata za kiwandani zimeanza kusitasita.

Anza na diski ya kusafishia lenzi, ile yenye vibrashi vidogo, ikiwa kavu, mara moja au mbili. Isiposaidia, ndipo deki ifunguliwe.

Chomoa waya wa umeme ukutani na usubiri angalau nusu saa. Ndani kuna kapasita zinazoshika umeme baada ya deki kuzimwa, basi usiguse bodi ya umeme hata hivyo. Usiiwashe deki ikiwa wazi ukachungulia lenzi, maana mwanga wa leza ya CD karibu hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Lowanisha kijiti cha pamba kwa alkoholi safi ya isopropili, kidogo tu kiasi cha kutodondoka. Gusa lenzi, zungusha taratibu bila kukandamiza, kwa sababu imening'inia kwenye nyaya nyembamba kama unywele. Malizia kwa kijiti kikavu, uache dakika kumi. Asetoni, petroli, manukato na mate, vyote hapana.

Ndani unaweza kuona skrubu ndogo ya kurekebisha nguvu ya leza. Usiizungushe. Kuongeza nguvu huifufua leza kwa siku chache kisha huiua moja kwa moja. Kama usafi haukusaidia, kifaa cha leza kimechoka na kinabadilishwa kizima.

Bado kuna shida? Tafuta dalili yako

*Inacheza vizuri, inakwama karibu na mwisho.* Diski ilijazwa mno, au ukingo umechafuka. Choma tena ukiacha nafasi.

*Picha inakatakata penye mwendo mwingi.* Kiwango cha biti, yaani data za kila sekunde, ni kikubwa mno. DVD inaruhusu hadi megabiti 9.8 kwa sekunde kwa video, lakini kwa diski ya kuchoma weka kikomo cha 7 au 8.

*Picha inapanda na kushuka, au haina rangi.* PAL na NTSC ni mifumo miwili ya picha za televisheni. Umechoma PAL na vifaa vyako ni vya NTSC, au kinyume chake. PAL ni 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, NTSC ni 720 kwa 480 na fremu 29.97. Jaribu kwanza mipangilio ya deki na televisheni, kisha geuza video upya.

*Picha ipo, sauti haipo.* Sauti haiko kwenye mfumo ambao DVD inautambua. Itengeneze upya iwe AC-3 au PCM ya kilohezi 48.

*Inagoma asubuhi yenye baridi, mchana inasoma.* Unyevu umeganda kwenye lenzi. Washa deki bila diski, iache saa moja au mbili.

*CD zote inasoma, DVD zote inakataa, hata za kiwandani.* Leza ya DVD imekufa, au kinyume chake kama CD ndizo zinazokataliwa. Hakuna uchomaji utakaosaidia.

*Diski ya zamani iliyokuwa ikisomwa sasa haisomwi.* Rangi ya diski hufifia, hasa ikiachwa juani au ndani ya gari lenye joto. Ijaribu kwenye kila draivu ya kompyuta unayoweza kuifikia, maana moja inaweza kushika pale ambapo tano zimeshindwa. Siku itakayofunguka, nakili kila kitu kwenye diski kuu ya kompyuta papo hapo, kabla hata ya kufikiria kuichoma tena. Huenda isifunguke mara ya pili.